Rolakosta kubwa au vivutio vya familia: tuanze na kipi?

SWALI: Ninasimamia bustani ya burudani ya ukubwa wa kati. Siku tukijaa sana tunapokea watu wapatao 6,000. Tuna bembea ya farasi (jukwaa linalozunguka lenye farasi wa kupanda), treni ndogo inayozunguka bustani, vigari vya kugongana, michezo sita ya watoto wadogo, na rolakosta (treni ya burudani inayokimbia kwenye reli za kupanda na kushuka) moja ya chuma, yenye kikomo cha kimo cha sentimita 130. Wamiliki wametupa eneo jipya na fedha za kununua ama rolakosta moja kubwa sana, ama vitu vitatu vinne vya wastani. Idara ya masoko inataka rolakosta. Waendeshaji wanataka michezo zaidi ya watoto. Je, tugawe nusu kwa nusu? Na ile bembea ya farasi, ambayo imezeeka, tuiondoe ili tupate nafasi?

JIBU: Ndugu msomaji, mwamba ngoma huvutia kwake, na hapo kwenu ngoma inawambwa na watu wawili kwa mpigo. Wa masoko wanataka kitu cha kuweka kwenye bango. Waendeshaji wanataka foleni zipungue. Kila upande una hoja, lakini hakuna aliyeliona pengo lililo wazi kwenye orodha uliyonitumia. Mna michezo sita ya watoto wadogo, kisha mnaruka moja kwa moja hadi sentimita 130. Hapo katikati, ukiondoa vigari vya kugongana, hakuna kitu cha kumtoa mtu nyumbani.

Kwa hiyo msigawe nusu kwa nusu. Fedha za awamu hii ziende kwenye rolakosta ya familia yenye kikomo cha sentimita 100 au karibu na hapo, pamoja na safari moja ya ndani ya jumba ambayo mtu wa umri wowote anaruhusiwa kuingia. Rolakosta kubwa ije awamu inayofuata, ila sehemu yake itengwe kwenye ramani sasa hivi, kabla hamjamwaga zege la kwanza.

Anza na kimo cha watoto. Majedwali ya ukuaji ya Shirika la Afya Duniani yanaonyesha kwamba mvulana wa miaka 4 ana wastani wa sentimita 103 hivi, wa miaka 6 ana 116, wa miaka 8 ana 127, na wa miaka 10 anakaribia 138. Wasichana wanapishana nao kidogo tu. Maana yake ni kwamba mtoto wa kawaida anaanza kupanda rolakosta yenu akiwa na miaka 8 na nusu au 9. Hiyo kubwa ambayo idara ya masoko inaiota huenda ikaja na kikomo cha 130 au 140, na 140 ni mtoto aliyeshavuka miaka 10. Upande wa pili, michezo ya watoto wadogo humchosha mtoto mapema. Akifika miaka 5 au 6 anaiona ya kitoto na hataki hata kupigwa picha humo.

Kwa hiyo kuanzia miaka 5 hadi karibu 9, mtoto anaingia kwenu kwa tiketi, anazunguka, anachoka, na hana kitu anachoweza kukiita chake. Umri huo ndio ambao familia hutoka pamoja zaidi. Mtoto wa miaka 2 hajui alipelekwa wapi, na kijana wa miaka 16 hataki kuongozana na mama yake. Wa miaka 7 ndiye anayeshinikiza safari ya nyumba nzima, na ndiye atakayesimulia darasani Jumatatu.

Kuna mkanganyiko mmoja ninaokutana nao hata kwa watu waliokaa miaka mingi kwenye kazi hii: kuweka michezo ya watoto na michezo ya familia kwenye kapu moja. Mchezo wa watoto ni ule ambao mzazi anasimama nje ya uzio akiwa ameshika mkoba, chupa ya maji na simu, akimpungia mtoto mkono kila anapopita. Mchezo wa familia ni ule ambao bibi, baba na mjukuu wanakaa behewa moja, na kila mmoja anashuka amefurahi kwa sababu zake. Waendeshaji wako wakisema wanataka vivutio vya familia, waulize wanamaanisha kipi kati ya hivyo viwili. Nina shaka wanamaanisha cha kwanza, kwa kuwa ni rahisi kukiendesha.

Sasa nenda ukasimame kwenye mlango wa rolakosta yenu siku ya mapumziko, karibu na fimbo ya kupimia kimo. Inafika familia ya watu watano. Mhudumu anamsogeza mtoto wa kati kwenye fimbo. Mtoto ananyoosha shingo, anainua visigino kidogo; mhudumu anamgusa bega kwa upole ili ashuke. Kipimo kinapita hewani juu ya nywele zake: sentimita 124. Baba anajaribu kubembeleza, haisaidii. Ndipo mipango inaanza. Kaka mkubwa anataka kupanda, kwa hiyo baba ataenda naye. Mama atabaki na wale wawili. Foleni ni dakika 45. Mama anakaa kwenye ukingo wa maua kwa sababu benchi hakuna, na hanunui chochote kwa sababu vibanda vya vinywaji viko upande wa pili wa bustani. Baba anaporudi, mama hana tena hamu ya kupanda, wa kati amenuna, mdogo amelala begani, na saa nzima imekwisha. Watu watano walilipa, mizunguko miwili ndiyo iliyopatikana.

Sehemu ya tatizo hilo mnaweza kuitibu bila kununua chuma chochote. Disney na Universal wana utaratibu wa kubadilishana: mzazi mmoja anabaki na mtoto, mwenzake anapanda, kisha wanapokezana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Unahitaji kadi chache, sehemu ya kivuli ya kusubiria, na wahudumu waliofundishwa. Uanzeni mwezi huu huu. Lakini utaratibu huo unamsaidia mzazi tu. Yule wa sentimita 124 bado hajapanda.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa waendeshaji wako nao wanajidanganya. Uwezo wa mchezo kwa saa ni idadi ya viti mara idadi ya safari zinazoondoka ndani ya saa hiyo. Bembea ndogo ya watoto yenye viti 12, inayozunguka dakika 3 na kutumia dakika nyingine 3 kushusha, kupandisha na kufunga mikanda, inaondoka mara 10 kwa saa. Hao ni watoto 120. Mkinunua nne mmepata 480, mmeongeza wahudumu wanne au zaidi kwa kila zamu, na wazazi wote wako nje ya uzio. Rolakosta ya familia yenye treni mbili za viti 20, treni ikiondoka kila sekunde 100, inatoa safari 36, yaani watu 720, na wazazi wamo ndani. Safari za ndani zenye vigari vinavyopita mfululizo bila kusimama ni mabingwa kabisa wa kumeza watu: Haunted Mansion ya Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1969, inapitisha zaidi ya watu 2,000 kwa saa hadi leo. Ya kwenu haitafikia hapo, na haihitaji kufika. Hata ikipitisha 800 itakuwa imefanya kazi kuliko bembea sita za watoto kwa pamoja, tena mvua ikinyesha ndiyo kwanza inajaa.

Rolakosta kubwa nayo inapendeza sana kwenye kijitabu cha mtengenezaji. Treni ya viti 28 ikiondoka kila sekunde 75 ni safari 48, watu 1,344 kwa saa. Sasa ipeleke treni ya pili karakana kwa ukaguzi. Imebaki moja: mzunguko wa dakika 2 na nusu, kupakia dakika 1 na nusu, safari 15 kwa saa, watu 420. Bango lilishaita watu kutoka mbali, nao wanakuta foleni ya saa tatu. Kabla ya kuongea habari ya bei, mwombe muuzaji akuonyeshe bustani tatu zinazoendesha aina hiyo hiyo, kisha waulize mafundi wao, siyo mameneja wao, ni siku ngapi kwa msimu treni zote zilikuwa relini.

Kwa siku ya watu 6,000, wanaokuwa ndani kwa wakati mmoja saa za kilele huwa kati ya asilimia 60 na 75. Tuseme 4,200. Wapangaji wa bustani hizi kwa kawaida hulenga kila mgeni apate angalau burudani 1.5 kwa saa, ikihesabiwa michezo, maonyesho na kila kitu chenye viti. Kwenu hizo ni nafasi 6,300 kwa saa. Mimi nikikadiria kwa ukarimu mlivyo navyo (farasi 480, treni ndogo 360, vigari vya kugongana 240, watoto 720, rolakosta 600) napata 2,400. Rudieni hesabu hiyo kwa saa yenu ya mkononi, mkisimama kituoni. Ikitoka karibu na yangu, mtajua kwa nini watu wanaondoka saa tisa alasiri na kwa nini malalamiko yenu yote ni ya foleni. Pengo la namna hiyo halizibwi na mchezo mmoja, uwe mkubwa kiasi gani. Jukwaa la maonyesho lenye kivuli na viti 500, likionyesha kipindi cha dakika 20 mara moja kila saa, linaongeza 500 kwa gharama ndogo kuliko kitu chochote chenye reli.

Kusema hivi si kuikataa rolakosta kubwa. Vijana wana fedha zao, wana marafiki zao, na ndio wanaonunua tiketi ya msimu na kurudi hadi wahudumu wakawajua kwa majina. Bustani isiyo na cha kuwapa vijana huanza kuwapoteza hata wadogo, kwa sababu mtoto wa miaka 9 anamwangalia kaka yake wa miaka 14. Holiday World, kule Indiana nchini Marekani, ilifunguliwa mwaka 1946 kwa jina la Santa Claus Land, ikiwa mahali pa watoto hasa. Ilibadili jina mwaka 1984, na mwaka 1995 ikajenga rolakosta ya mbao, The Raven, iliyowafanya wapenzi wa michezo hii wafunge safari kwenda mji mdogo ambao wengi wao hawakuwa wameusikia. Ikafuata The Legend mwaka 2000, kisha The Voyage mwaka 2006. Walikuwa na watoto tayari. Walichokosa ni wakubwa, basi wakanunua cha wakubwa. Mwaka 2024, baada ya kuwa na mambo makubwa ya kutosha, wakarudi na Good Gravy!, rolakosta ya familia. Nyie mko upande wa pili wa duara hilo hilo: mna watoto wadogo na mna chuma cha vijana, mmekosa cha kati.

Efteling ya Uholanzi ndiyo ninayopenda kuwaonyesha wamiliki wenye haraka. Ilianza mwaka 1952 na msitu wa hadithi za watoto, ikakaa karibu miaka 30 kabla ya kuleta rolakosta ya kupindua watu, Python, mwaka 1981. Ukitazama miaka ya karibuni unaona jinsi wanavyopokezana: Joris en de Draak ya mbao mwaka 2010, Baron 1898, inayodondosha watu wima kutoka mita 37.5, mwaka 2015; Symbolica, safari ya ndani ya kasri ambayo hata mtoto mchanga anaingia, mwaka 2017; Max & Moritz, rolakosta pacha za familia, mwaka 2020; na Danse Macabre mwaka 2024. Kila rika linajua zamu yake inakuja. Huo mpangilio wa zamu ndio uwiano, na huwezi kuuona ukitazama bajeti ya mwaka mmoja.

Kuhusu utaratibu ninaokushauri, PortAventura ya Hispania iliufuata karibu neno kwa neno. Mwaka 2011 walifungua eneo la familia, SésamoAventura. Mwaka 2012 wakafungua Shambhala, mita 76, ambayo wakati huo ilikuwa ya kwenda juu kuliko rolakosta zote za Ulaya. Mama aliyekuja kwa ajili ya kijana wake alikuta mdogo ameshapata mahali.

Rekodi hiyo ya Shambhala, kwa njia, ilivunjwa mwaka 2017 na Red Force, hatua chache kutoka hapo, ndani ya eneo la kampuni hiyo hiyo. Ndivyo rekodi zilivyo. Wamiliki wakikuambia wanataka "kubwa kuliko zote", wape historia ya Top Thrill Dragster ya bustani ya Cedar Point, Marekani: ilifunguliwa mwaka 2003 ikiwa na mita 128, na miaka miwili baadaye Kingda Ka ya Six Flags Great Adventure ikaipita kwa mita 139 na kasi ya kilomita 206 kwa saa. Zote mbili zilikuwa za kurusha treni kwa nguvu ya mafuta ya shinikizo, mitambo yenye kudai matengenezo usiku na mchana. Ya kwanza ilisimamishwa mwaka 2021 baada ya kipande cha chuma kumjeruhi mgeni aliyekuwa kwenye foleni. Ya pili ilifungwa mwaka 2024, na mwanzoni mwa mwaka 2025 ikaangushwa kwa baruti. Kampuni kubwa zinaweza kubeba hasara ya namna hiyo. Bustani ya watu 6,000 kwa siku, ambayo mchezo wake mmoja ndio uliomeza akiba yote, haiwezi.

Bustani ya Dollywood, jimboni Tennessee, Marekani, ina mifano yote miwili ndani ya ua mmoja. Mwaka 2016 walifungua Lightning Rod, rolakosta ya mbao ya kwanza kurushwa kwa mtambo badala ya kuvutwa polepole, kilomita 117 kwa saa. Ilisifiwa sana, na ilisimama sana. Mwaka 2024 mtambo wa kurushia ukaondolewa, ukawekwa mnyororo. Katikati ya hapo, mwaka 2023, wakafungua Big Bear Mountain. Kikomo chake ni sentimita 99. Ina urefu wa zaidi ya mita 1,200, ndefu kuliko rolakosta zao nyingine zote, inarusha treni mara tatu njiani, na inafika kilomita 77 kwa saa. Mtoto wa miaka 4 anapanda na baba yake, na baba hajifanyi kufurahi. Kitu cha aina hiyo, hata kikiwa nusu ya urefu huo, ndicho ninachotaka mnunue. Wa masoko watapata bango lao pia: "rolakosta ya kwanza ya mtoto wako" ni tangazo ambalo halipitwi na wakati mwaka unaofuata jirani akijenga ndefu zaidi.

Mkienda sokoni, angalieni mambo machache kwa jicho kali. La kwanza ni komeo la mapajani, kile chuma kinachomshikilia abiria kwenye kiti. Baadhi ya treni za familia huwa na komeo moja kwa watu wawili. Akikaa baba mwenye mapaja manene na binti wa sentimita 102, komeo linashuka hadi linapogusa paja la baba, linasimama hapo, na kati ya komeo na mapaja ya mtoto panabaki nafasi ya kupitisha mkono. Mhudumu analiona, anasita, anamwita msimamizi, treni inachelewa, na kila safari ni hivyo hivyo. Dai komeo la kila mtu peke yake, na uende na mtoto wa kimo hicho siku ya kujaribu. Pili, jihadhari na zile rolakosta fupi zinazokwenda mbele kisha zikarudi kinyumenyume. Ni tamu na hazichukui nafasi, lakini huwa na treni moja tu, kwa hiyo uwezo wake una dari. Tatu, kikomo cha kimo hakiwekwi na wewe. Mtengenezaji ndiye anayekiweka, kwa kufuata viwango kama EN 13814 vya Ulaya au ASTM F2291 vya Marekani. Unaweza kukipandisha, kukishusha huwezi, hata mmiliki akikasirika. Basi kiandikwe kwenye mkataba, pamoja na kimo cha mtoto anayepanda akisindikizwa na kile cha anayepanda peke yake. Tofauti hiyo ya pili husahaulika, na mzazi mwenye watoto watatu hujikuta hana mikono ya kuwasindikiza wote.

Sasa mpangilio wa ardhi, ambao kwa maoni yangu una uzito kuliko hata aina ya mchezo. Kosa la kawaida ni kuwatengea watoto kona yao huko nyuma na kuweka chuma kikubwa langoni. Matokeo yake familia inagawanyika ikishaingia tu, na inakutana tena kwenye maegesho ya magari. Phantasialand ya Ujerumani ilifanya kinyume. Mwaka 2016 ilifungua eneo la Klugheim likiwa na rolakosta mbili siku moja: Taron, ya kilomita 117 kwa saa, na Raik, ya familia. Zimepitishwa kwenye miamba ile ile, mtu akitoka huku anamwona mwenzake kule. Hakuna anayempigia mwenzake simu kuuliza yuko wapi.

Nanyi fanyeni hivyo kwenye ramani. Lango la rolakosta ya familia, mahali pa rolakosta kubwa ijayo, uwanja wa kuchezea wa bure, vyoo na kibanda cha vinywaji viwe kuzunguka uwanja mmoja wenye kivuli. Mwenye mimba, mwenye mgongo mbovu na bibi wa miaka 70 nao wamelipa. Rolakosta kubwa ikipita karibu nao inakuwa onyesho lao. Alton Towers ya Uingereza haikuruhusiwa kujenga kitu kinachovuka vilele vya miti, kwa hiyo Nemesis, iliyofunguliwa mwaka 1994, ilichimbiwa shimo kwenye mwamba. Masharti ya majirani yaliwapa bahati: wapita njia wanasimama ukingoni na treni inawapitia karibu, miguu ya abiria ikining'inia. Ila mtenganishe mayowe na mahali wanapolala watoto wachanga. Ukuta wa mimea minene na jengo la choo katikati vinatosha.

Wamiliki watauliza: kwa nini tusigeuke kabisa tuwe bustani ya familia? Nisingependa mfike huko pia. Mwaka 2006 uongozi mpya wa Six Flags, kampuni ya Marekani yenye bustani nyingi, ulitangaza kuelekea kwa familia. Mwaka 2009 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Kilichoizamisha hasa ni madeni ya zaidi ya dola bilioni 2, na madeni hayo yalikuwapo kabla ya uongozi huo. Kwenu hilo linahusu njia ya kulipia: kama rolakosta kubwa inawezekana tu kwa mkopo ambao msimu mmoja wa mvua utaushinda, hapo swali la familia au vijana halina maana bado.

Kwa ajili ya awamu ijayo, fanyeni mambo matatu ya chini ya ardhi mkiwa bado mmefukua: laini ya umeme yenye nguvu ya kutosha mchezo wa pili, njia ya krini inayofika eneo lile bila kubomoa kitu, na mifereji ya maji ya mvua. Hayo yakiachwa, mtakuja kuvunja uwanja mpya mliojenga miaka mitatu tu iliyopita. Na kabla ya kutia saini chochote, wekeni fimbo ya kupimia langoni kwa wikendi mbili, kama mchezo tu wa kuwafurahisha watoto, na mhudumu aandike vimo pembeni. Bila jina, namba tu. Kama wengi wanaangukia kati ya 100 na 130, kikao chenu na wamiliki kitakuwa kifupi. Kama wengi ni vijana wa juu ya 140, nimekosea kuhusu wageni wenu, na mgeuze mpangilio: kubwa kwanza.

Bembea ya farasi msiiondoe. Ukiacha treni ndogo, ndicho kitu pekee mlicho nacho ambacho kila anayeingia langoni anaweza kukipanda, na kinameza watu wengi kuliko mchezo wenu wowote wa watoto. Mwiteni fundi akague bolibearingi za mhimili wa kati, nguzo zinazopandisha farasi, na waya za umeme zilizo juu ya paa. Kama chuma ni kizima, kinachobaki ni kazi ya rangi na taa. Nafasi mnayoitafuta ipo kwenye ile michezo sita ya watoto. Nina hakika miwili kati yake inazunguka kwa namna ile ile, imebadilishwa umbo tu, huku ndege, kule magari. Ule wenye foleni fupi uuzeni.